Baiskeli Isiyobeba Mzigo

Mpira mpya wa gurudumu una harufu yake. Ukipita mbele ya duka saa sita, jua likiwa limeuchoma, harufu ile inatoka hadi barabarani, nzito, tamu kidogo, na inakukamata koo. Juzi ilinikamata hapa Kasongo, karibu na soko. Mwenye duka alikuwa ametundika mlangoni baiskeli ya mtoto, ile aina ya milimani, yenye matairi mapana ya meno meno, rangi ya kijani inayowaka, vibandiko vya radi ubavuni na springi nene katikati. Bwana mmoja mwenye tumbo lake akagonga chuma chake kwa kidole, akasikiliza, akatema mate pembeni, akasema, "Hii si kinga, si baiskeli. Ni kitu ya kudanganya watoto."

Sikumjua, na yeye hakunijua. Lakini nilisimama palepale na kikapu changu cha samaki, nikamwuliza, "Papa, uliisha kuipanda?" Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Hakuwa ameipanda. Angeipanda wapi! Nilirudi nyumbani na hasira hadi samaki wakaungua, na ndiyo maana nimekaa kuwasimulieni habari hii, kwa sababu nimechoka na wanaume wa kwetu wanaohukumu vitu kwa kuvigonga.

Kwetu ni upande wa Wamaza, katika Kabambare. Baiskeli tunaiita kinga, na kinga kwetu si kitu cha kupanda. Mgeni akifika hushangaa. Wanaume hufunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wanapakia magunia ya mpunga na karanga, wanapachika mabido, yale madumu, ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, huku na huku, kuku wananing'inia miguu juu, halafu wanatembea kando yake hadi Kasongo. Kwenye kupanda wanaisukuma, kwenye kushuka wanaivuta nyuma isiwakimbie, kwenye matope wanaingia nayo hadi magotini. Nilikua nikiamini kwamba kiti cha kinga kimewekwa ili pawe mahali pa kufunga kamba.

Kwa hiyo thamani ya kinga ilikuwa jambo moja tu: inabeba nini. Kinga mpya ikiingia kijijini, haikupumzika kwa mwenyewe. Ilipelekwa kwanza barzani, kile kibanda cha wanaume cha mazungumzo, ili "ionjeshwe muzigo." Wanaipakia, mtu mmoja anayeaminiwa anaisukuma hadi kijitoni na kurudi, kisha anasema neno lake mbele ya wote, na mwenye kinga anatoa kuku. Mtu huyo kwetu alikuwa Baba Mukubwa Amuri, kaka wa baba yangu. Alikuwa na mabega mapana, nyayo ngumu, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha. Akisema kinga ni nzuri, ilikuwa nzuri. Akisema ni ya bure, mwenyewe aliona haya kupita nayo sokoni.

Sasa mjomba wangu Sumaili, mdogo wa mama, wakati ule alikuwa anachimba dhahabu kule Lusangi. Alikuwa mtu mwembamba wa kuchekacheka, na watu wa ukoo wa baba walimhesabu kuwa hana akili ya vitu. Mchana mmoja pikipiki ikapanda njia ya kwetu, na nyuma yake imefungwa baiskeli ndogo ya kijani. Tulikimbia watoto wote. Mjomba akashuka, akafungua kamba, akaisimamisha uwanjani mbele ya mama, akasema, "Hii iko ya Feza."

Feza ndiye mimi. Ee mama! Nina kaka wakubwa. Kitu kikiingia nyumbani kilianzia kwao, na mimi nilikipata kikiwa kimechakaa. Leo kinga nzima, mpya, inanuka duka, anapewa mtoto mwanamke! Kaka yangu wa kwanza alikwisha kushika usukani. Mjomba akamtoa vidole kimoja kimoja, huku anacheka, akaniweka mimi mikono yangu pale. Mpira wa usukani ulikuwa na vinundu vidogo vidogo vilivyonata kwenye viganja. Kesho yake asubuhi mjomba akarudi Lusangi, na kinga ikapelekwa barzani.

Baba Mukubwa Amuri aliizunguka taratibu. Akagonga chuma, kikalia kama kopo la maziwa. Akapitisha kidole mahali chuma kilipounganishwa kwa moto, akawaonyesha wenzake vile vijivimbe. "Muangalie. Mutu aliyeunga hapa alikuwa na haraka." Akabonyeza pedali, plastiki. Akavuta breki, plastiki nayo. Akaiinua kwa mkono mmoja, akashangaa kwamba kitu kidogo hivi kina uzito wa kinga ya mtu mzima. Kisha akaenda nyuma ya kiti, akapapasa, akapapasa tena. Hapakuwa na kile chuma cha kuwekea mzigo, wala tundu la kupitishia kamba.

"Sasa muzigo unakaaka wapi?" akauliza.

Walicheka hadi mmoja akashika nguzo. Lakini Baba Mukubwa alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, hakutaka kuhukumu bila kuonja. Akafunga fimbo zake mwenyewe, akaagiza mabido mawili ya mafuta, yakapachikwa. Ile springi ya katikati ikanywea. Kiti kikashuka, nyuma ikashuka, na kinga yangu ikakaa chini kama mbwa aliyechoka. Aliposukuma, pedali zikakwaruza ardhi, bido moja likachomoka, mafuta mekundu yakamwagika hadi miguuni pa wazee. Watoto wenzangu walipiga kelele kana kwamba ni sikukuu. Mimi nilisimama pembeni ya barza na machozi ya hasira, ninatamani kumrushia mtu tope.

"Hii kinga ni ya bure," Baba Mukubwa akasema. "Sumaili wamemudanganya na rangi. Ramazani akipita siku ya soko, tumupe. Atatupatia mbuzi."

Ramazani alikuwa mchuuzi wa Kabambare, aliyeleta chumvi na sabuni kwa pikipiki, na alikuwa na mtoto wa kiume aliyempenda kupita kiasi. Baba yangu, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na kaka yake, aliangalia chini na kusema, "Sawa, Yaya," yaani kaka mkubwa. Basi, likaisha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ningeulizwa na nani, na mimi nilikuwa mtoto wa kuchota maji!

Na hapa nataka mnielewe vizuri. Kila kitu alichosema Baba Mukubwa juu ya baiskeli ile kilikuwa kweli. Viungo vyake vilikuwa vibaya, plastiki yake ilikuwa plastiki, uzito wake haukuwa na maana. Nilikuja kuijua kwa ubovu wake kuliko wao wote, kwa sababu mimi niliishi nayo. Lakini mtu anaweza kusema maneno ya kweli mfululizo na mwisho akafika pabaya. Aliipima kwa kazi ambayo haikuumbwa kuifanya, kisha akailaumu. Hata chungu utakiona cha bure ukikitumia kama nyundo.

Siku ile ile niliitoa nyuma ya nyumba, jua likiwa juu, nikaipanda mbele ya watu. Sikujificha, sikuwa na sababu ya kujificha. Nikaanguka. Nikapanda tena, nikaanguka ndani ya mihogo iliyoanikwa, nikaamka mweupe mwili mzima. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi. "Feza! Mutoto mwanamuke hapandake kinga, utaharibika!"

"Nitaharibika nini?" nikauliza.

Hakuna aliyejua. Mmoja akasema ni desturi tu, mwingine akasema magoti, na wa tatu akaanza kucheka akaniambia nipande tena aone. Jioni nilikuwa ninakwenda kutoka nyumba yetu hadi kijitoni bila kuweka mguu chini, na magoti yangu yalikuwa nyama tupu. Sijawahi kujisikia mzuri vile.

Halafu nikagundua vitesi, yaani gia. Kwenye usukani, chini ya kidole gumba, kulikuwa na kidude cha kusukuma ambacho barzani walidhani ni pambo. Nilikisukuma, nyuma kukalia tak, na ghafla miguu yangu ikawa haina uzito, inazunguka upesi huku kinga inakwenda polepole. Nikakisukuma upande mwingine, ikawa nzito tena. Nilicheza nacho hadi mnyororo ukatoka. Nikaurudisha, vidole vyeusi kwa grisi. Ukatoka tena. Vitesi vya kinga ile vilikuwa na kiburi: baadhi vilikubali, baadhi vilikataa, na kimoja kiliruka kila ukikikanyaga kwa nguvu. Lakini kile chepesi kuliko vyote kilishika vizuri, na mimi nikaanza kukitazama kilima cha kanisa.

Kilima kile kiko mwisho wa kijiji, njia nyekundu imesimama juu, imechimbwa na mvua. Kila aliyekwenda Kasongo alianzia pale, na kila mmoja aliinamisha mgongo, akasukuma na kutukana. Hakuna mtu aliyewahi kukipanda akiwa amekaa juu ya kinga. Nikajiambia: wakiniona nimekaa, watajua hii ni kinga, wataniachia. Ndivyo akili ya mtoto inavyokwenda.

Siku ya soko ikafika, na Ramazani naye. Wanaume walikuwa barzani, mahali ambapo kilima kinaonekana chote. Nikapita mbele yao, gauni nimelifunga kiunoni, nikaingia kwenye kupanda. Nilisukuma kile kidude, tak. Miguu ikazunguka, ikazunguka. Matairi ya meno yalikamata udongo, springi ikameza mashimo, na kifua kiliwaka moto. Nilimpita mwanaume mmoja aliyekuwa akisukuma gunia lake. Alisimama kabisa, akaniangalia nikipita kwa mwendo wa konokono, nimekaa. Nikafika mbele ya kanisa. Mnyororo ukatoka palepale, lakini nilikuwa nimefika.

Kushuka ilikuwa habari nyingine. Zile breki za plastiki zilikuwa za kuombea Mungu. Nilishuka nimekokota sandali zote mbili ardhini, vumbi nyuma yangu, ninapiga mayowe, mbuzi na watoto wakinikimbia. Nilisimama mbele ya barza kwa sababu nguzo ya barza ilinisimamisha. Nikainua uso kumtazama Baba Mukubwa.

Ramazani alikuwa amekwisha kusimama. Anapiga makofi! "Kumbe inapandaka mulima! Amuri, mimi ninatoa mbuzi mbili!"

Aka! Nilikuwa nimeitangaza mwenyewe, bila kuombwa. Ilipokuwa ya bure walitaka kuitoa, na ilipoonekana nzuri walitaka kuitoa haraka zaidi. Baba Mukubwa alikuwa anacheka, amenyoosha mkono aushike mkono wa Ramazani, wamalize neno.

Ndipo nikaingia barzani. Mtoto mwanamke hakuingia barzani isipokuwa kuleta maji ya kunawa. Mimi niliingia na kinga, magurudumu yake juu ya mkeka wao, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Hii kinga ni ya mujomba. Kama munataka kuiuzisha, muite mujomba!"

Mnaotoka kwingine, niwaeleze. Kwetu kitu ambacho mjomba amempa mtoto wa dada yake, ukoo wa baba hauna ruhusa ya kukigusa bila yeye mwenyewe kuitwa, akapewa kiti, akaulizwa. Wote mle ndani walijua. Walikuwa wamenyamaza kwa sababu Sumaili walimdharau, yuko mbali mashimoni, na mimi walidhani sina mdomo. Baba Mukubwa akainuka, mkono juu. "Wewe mutoto, nani amekufundisha kusema na wakubwa hivi?"

Sikurudi nyuma. Nilijua nitapigwa, nikashika usukani kwa mikono miwili ili nisianguke. Na baba yangu, yule mpole, akasema akiwa bado ameangalia chini, "Yaya, mutoto amesema kweli. Tumuite Sumaili."

Mkono ule ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka. Ramazani, mtu wa biashara, alisikia neno la kumwita mjomba akajua atasubiri hadi mbuzi wazae, akawasha pikipiki yake. Mimi nilipewa adhabu ya kuchota maji ya Mama Mukubwa, mke wa Baba Mukubwa, hadi watakapochoka kunikasirikia. Nilichota. Sikuomba radhi wakati ule na siombi leo.

Mjomba alikuja, akapewa kiti, akaulizwa mbele ya wote: wewe una dhahabu, Kasongo kuna kinga ngumu za kubeba, kwa nini umeleta hii? Mjomba akakuna kichwa. "Mimi sijuake kinga," akasema. "Niliona rangi nzuri tu." Barza yote ikacheka, naye akacheka pamoja nao. Akaongeza kwamba akishampa mtoto kitu harudishi. Baba Mukubwa akapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi: basi, ibaki, ni yenu na ujinga wenu. Mimi niliona haya kwa ajili ya mjomba. Nilidhani nimepigania zawadi ya mtu ambaye kweli alidanganywa na rangi.

Nilikwenda nayo shule hadi magoti yangu yakaanza kugonga usukani. Pedali moja ilivunjika, fundi wa Wamaza akachonga nyingine ya mti. Springi ililia kila shimo. Vibandiko vya radi vilibanduka mvua ya kwanza. Breki niliziacha, nikatumia sandali, na sandali nyingi zilikufa. Mwisho chuma chenyewe kilipasuka palepale alipoonyesha Baba Mukubwa, na nilikiri moyoni kwamba kidole chake kilikuwa na macho. Siku ile nililia hadi mama akanipikia ndizi.

Miaka ikapita. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Kasongo, mjomba Sumaili alikuja kumwona. Amezeeka, kifua kimejaa vumbi la mashimo, lakini bado anacheka. Alimshika mtoto, akaona ni wa kike. Nikamtania kuhusu ile kinga yake ya bure. Nikamwambia, mjomba, hata chuma cha muzigo hukuona kwamba hakuna?

Akanitazama. "Feza, mimi nilikitoa."

Nikadhani anatania.

"Kilikuwapo. Nilikitoa dukani, nikamuachia mwenye duka. Nilizunguka Kasongo yote kutafuta kinga ndogo, yenye springi, ile mutu akiweka muzigo inakaa chini. Kinga ya nguvu ningekuletea, ingekuwa ya Amuri siku ile ile, mbele jua halijalala. Na wewe ungekwenda nyuma yake na kitunga. Unamujua mama yako, hapa." Akagusa paji lake la uso.

Ninamjua mama yangu. Wanawake wa kwetu hubeba kitunga, kile kikapu kikubwa, mgongoni, na kamba yake hupita juu ya paji. Mama ana bonde pale, kidole kinaingia, tangu kabla sijazaliwa. Bibi alikuwa nalo. Wasichana wote niliosoma nao walitumwa wakienda shule na walitumwa wakirudi, kuni, mihogo, mpunga wa mtu, kwa sababu mtoto anayetembea mikono mitupu kwetu anaonekana anapoteza safari. Mimi hakuna aliyenituma. Wangeniwekea wapi? Nilipita na kinga yangu isiyobeba kitu, wananiona, wanasonya, wananiacha niende. Nilidhani wananidharau, nami nikapanda kwa ukali zaidi, kumbe nilikuwa nimepata kile ambacho hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyekipata kabla yangu. Na huyu mtu alikubali kuchekwa na barza nzima, akachekelea naye, ili wasijue.

Nililia tu siku ile, na mjomba akamrudisha mtoto mikononi mwangu akasema maziwa yataharibika nikilia.

Kwa hiyo msinigongee chuma, mkaniambia kinalia kama kopo. Ninajua kinavyolia. Njooni mtazame paji langu la uso, mpitishe kidole kutoka upande huu hadi upande ule, taratibu, kama Baba Mukubwa alivyopitisha kwenye viungo vya kinga. Ni laini. Hakuna shimo.